Wateja wanausifu unga wangu lakini hawarudi. Je, fikra za usanifu zitanisaidia?

"Nina biashara ya unga wa lishe hapa Morogoro, huu ni mwaka wa nne. Tuko wanne: mimi, vijana wawili wa mashine na binti wa kufungasha. Mwezi wa pili nilihudhuria semina ya siku mbili ya ubunifu katika biashara, ile wanayoiita design thinking, yaani fikra za usanifu. Tulibandika vikaratasi vya rangi ukuta mzima, tukapiga picha, tukapewa vyeti. Nikarudi na moto. Nimetoa ladha tatu mpya, vanila, ndizi na stroberi. Nimeagiza mifuko ya zipu yenye picha ya mtoto, na kuna kijana anataka kunitengenezea programu ya simu ya kuagizia. Wateja wanausifu unga, wananunua pakiti moja, halafu siwaoni tena. Mauzo yapo pale pale na akiba imepungua. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya kampuni kubwa za Ulaya, sisi tusage unga tuuze. Mshauri mmoja anataka milioni mbili na nusu anisaidie 'kubuni upya biashara'. Niambie ukweli: mbinu hii inamfaa mtu kama mimi? Au mimi ndiye sina kipaji cha ubunifu?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Kipaji unacho. Mtu aliyekifikisha kiwanda kidogo mwaka wa nne ameshabuni mambo mengi ambayo hajawahi kuyapa jina hilo: namna ya kukausha soya wakati wa masika, namna ya kumdai mwenye duka bila kumpoteza, namna ya kusaga umeme unaporudi saa tano usiku. Shida yako iko kwingine. Ladha mpya ni jibu kwa mteja anayelalamika kwamba unga hauna ladha. Zipu ni jibu kwa anayeshindwa kufunga pakiti. Programu ni jibu kwa anayepata tabu kuagiza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mteja mmoja aliyelalamika hivyo, sikumwona. Wala sikuona popote ulipoeleza kinachoupata unga wako baada ya kutoka dukani. Hapo ndipo penye pengo.

Semina haikukudanganya, ila ilikupa kipande cha katikati. Fikra za usanifu, kama zinavyofundishwa katika shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa fedha za Hasso Plattner, mmoja wa waasisi wa SAP, kampuni ya programu za kompyuta, zina hatua tano. Unamwelewa mtu unayemhudumia. Unalitaja tatizo lake kwa usahihi. Unatoa mawazo mengi. Unatengeneza kielelezo cha bei rahisi. Unakijaribu kwa mtu yule yule. Sasa fikiria ukumbi wa hoteli wenye viti hamsini: ni hatua ipi kati ya hizo inawezekana mle ndani? Ni ya tatu tu. Ya kwanza iko jikoni kwa mteja, na mbili za mwisho zinataka wiki kadhaa. Mkufunzi anabaki na vikaratasi. Simlaumu sana, amelipwa kwa siku mbili. Lakini mshiriki anarudi nyumbani akiamini kwamba ubunifu ni wingi wa mawazo, na kwamba hatua zile hupitwa mara moja kwa mpangilio kisha kazi imekwisha. Wanaoifanya kazi hii kila siku hurudi nyuma mara kwa mara. Jaribio likikwama, mara nyingi kosa lilikuwa hatua ya pili: tatizo lilitajwa vibaya.

Tuje kwa wateja wanaosifu na kupotea. Kwetu hapa hakuna mama atakayekuambia usoni kwamba uji wako mwanawe aliutema. Ukimuuliza "Umeuonaje unga?" umemwomba akutendee wema, naye anakutendea. Ukimuuliza "Nikiweka ladha ya ndizi utanunua?" anakujibu ndiyo, kwa sababu ndiyo haimgharimu kitu. Maswali ya aina hiyo hupima adabu ya mtu, na adabu hailipi umeme. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho kupika uji wa mtoto ilikuwa lini? Ulitumia unga gani? Ile pakiti yangu ilikwisha baada ya siku ngapi? Ilipokwisha ulifanya nini? Hapo mtu hakubunii jibu, anakumbuka tu. Utashangaa majibu yanavyokwenda kinyume na sifa alizokupa dakika tano kabla.

Bora kuliko kuuliza ni kuona. Chagua wateja watano au sita walionunua mara moja wakapotea. Ndugu, jirani na mtu wa kikoba chenu waache, hao watakuhurumia. Waombe uwatembelee wakati wanapika, nenda na pakiti ya zawadi, kaa kwenye kigoda, funga mdomo. Angalia pakiti inakaa wapi: ndani ya kopo lenye mfuniko, au juu ya kabati imekunjwa na kufungwa kwa rababendi? Mama anapima kwa kijiko, kwa kikombe au kwa macho? Anaukoroga kwanza na maji baridi, au anaumimina kwenye maji yanayochemka halafu anapigana na mabonge? Uji unakaa motoni kwa muda gani, na moto wenyewe ni wa mkaa au wa gesi? Nusu saa ya mkaa kila asubuhi ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye pakiti yako, ila mama anaijumlisha. Kisha angalia nani anakunywa. Kama mtoto anatumia gramu mia kwa siku, kilo moja ni siku kumi. Kama sufuria inagawiwa watoto watatu, na baba naye anapata kikombe kabla ya kutoka, kilo hiyo haimalizi siku nne, na mama ameshapiga hesabu kwamba kwa bei yako unga huu ni wa sikukuu.

Omba pia kunusa unga uliobaki kwenye pakiti iliyofunguliwa wiki tatu zilizopita. Karanga na soya zina mafuta, na ukishazisaga, mafuta hayo yanakutana na hewa na kuanza kuchacha. Mama atasema "mtoto ameuchoka", wakati kilichotokea ni kwamba mtoto ana pua nzuri kuliko sisi. Kama hilo ndilo utakalolikuta, vanila uliyoongeza inafunika harufu kwa siku chache tu.

Halafu nenda kliniki ya watoto siku ya kupima uzito. Zungumza na muuguzi, umuulize anawaambia nini akina mama kuhusu unga wa lishe wa dukani. Sikiliza hasa anachosema juu ya kuchanganya nafaka nyingi pamoja. Kauli moja ya muuguzi mbele ya benchi la akina mama thelathini inaweza kuwa inafanya kazi dhidi yako kila wiki, nawe huijui. Au inaweza kukuonyesha unga wa kutengeneza.

Ukishayaona hayo, andika sentensi moja. Moja tu, na iwe na mtu ndani yake. Nikupe mfano wa kubuni, usiuchukue kama jibu: "Mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kumwachia mtoto dada wa kazi anahitaji unga ambao dada ataupika vizuri bila kusimamiwa, kwa sababu sasa hivi anaupika mwepesi ili asikae jikoni nusu saa." Ona sentensi hiyo inavyokuonyesha njia. Ghafla unawaza unga uliopikwa nusu kabla ya kusagwa, kijiko cha kupimia ndani ya pakiti, maelekezo ya picha badala ya maandishi madogo. Sasa ilinganishe na "Wateja wanahitaji unga bora wenye lishe kamili." Hii ya pili unaweza kuibandika kwenye kiwanda chochote cha unga nchini, na haitakuambia ufanye nini Jumatatu asubuhi.

Kuna kisa ambacho wengi wanakijua mwisho wake bila kujua mwanzo wake. M-Pesa haikubuniwa ili watu watumiane pesa. Ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, wakishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walitaka kurahisisha urejeshaji wa mikopo. Mkopaji wa kikundi apokee mkopo na kuulipa kwa simu, basi. Wakaanza na wateja wapatao 500 katika maeneo machache, Thika likiwamo, na mawakala wachache tu. Kama wangekuwa watu wa kukaa ofisini na kusubiri ripoti, wangeandika kwamba mfumo unafanya kazi, na ungebaki kuwa huduma ndogo ya wakopaji. Lakini walifuatilia watu walivyokuwa wakiutumia. Wakakuta watu wanafanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mmoja anamnunulia ndugu yake wa kijijini muda wa maongezi. Wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao. Mwingine anaweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa akifika, ili asitembee na noti mfukoni. Upande wa mikopo nao ukazua shida: mtu akishalipa kwa simu, haoni sababu ya kwenda kwenye mkutano wa kikundi, na mkutano ule ndio uliokuwa unaishikilia nidhamu ya mikopo.

Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, marejesho ya mkopo yalikuwa yamewekwa kando na tangazo lilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Wazo lililoshinda lilitoka kwa watumiaji wenyewe, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kulitazama. Na hata hapo kazi haikuhamishika yenyewe. Ilipoletwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008, miaka ya mwanzo ilikwenda polepole kuliko Kenya, ikabidi namna ya kuwapata na kuwahudumia mawakala ipangwe upya. Jirani mwenye lugha moja na mpaka mmoja, bado ilibidi waanze kutazama tena.

Sasa mawazo yenyewe. Hapa nina neno juu ya vikaratasi. Desturi ya kundi kukaa chumbani na kumwaga mawazo ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima. Walilinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Sababu zinaeleweka: kwenye kundi mtu anasubiri zamu, anaogopa kuchekwa, na wazo la kwanza likishasemwa linawavuta wengine wote upande wake. Ongeza na mila yetu, kwamba bosi akishaongea wadogo hunyamaza. Kwa hiyo wape hao vijana wawili na binti wa kufungasha daftari, waambie ile sentensi yako moja, wape nusu saa kila mtu na kona yake. Kisha yasomwe. Binti aanze, wewe uwe wa mwisho. Binti wa kufungasha ndiye anayejua pakiti zipi hurudishwa na maduka na kwa sababu gani, na nadhani hujawahi kumuuliza.

Hao watu wanaoitwa wabunifu, ukiwachunguza, wengi wamechukua kitu kutoka mahali na kukipeleka pengine. Kampuni ya M-Kopa nchini Kenya haikubuni taa ya jua. Ilitazama namna familia zinavyonunua mafuta ya taa, kidogo kidogo kila siku, ikaweka malipo ya umeme wa jua yafanane na hayo: unalipa arubuni, halafu kiasi kidogo kwa siku kupitia simu. Ubunifu ulikuwa kwenye kipimo cha malipo. Unga wako nao una kipimo. Umewahi kujaribu robo kilo?

Nije kwenye kujaribu, maana hapa ndipo ulipopotezea akiba. Uliagiza mifuko ya zipu kwa wingi kabla ya kujua kama zipu ina maana kwa mtu yeyote. Kielelezo kinatakiwa kiwe cha bei ambayo ukiitupa hulali njaa. Ukitaka kujua kama robo kilo itauzwa, nunua mifuko michache ya kawaida, bandika lebo iliyochapishwa kwenye duka la vifaa vya ofisi, peleka kwenye maduka mawili ya mtaani unayoelewana nayo, weka bei halisi. Ukitaka kujua kama watu wanataka kuagiza kwa simu, huhitaji programu wala kijana. Weka namba ya WhatsApp kwenye pakiti, ujumbe ukija jibu mwenyewe, mpe bodaboda apeleke. Fanya hivyo kwa wiki tatu. Kama hukupata maagizo ya kukuchosha, programu ingekaa kwenye simu za watu ikila nafasi, na kijana angekuwa ameshalipwa.

Pima kurudi. Sifa usizihesabu, na mauzo ya wiki ya kwanza usiyaamini, kwa sababu kitu kipya hununuliwa kwa udadisi. Tunza daftari: tarehe, jina au namba ya mteja, pakiti gani, na mara ya ngapi. Kabla ya kuanza jaribio, andika kwenye ukurasa wa kwanza matokeo yatakayokufanya uliache wazo hilo. Mathalani: "Kati ya wateja ishirini, wasiporudi angalau wanane ndani ya wiki tatu, naacha." Chagua idadi yako mapema na mume wako ashuhudie. Baada ya matokeo kutoka, kila mtu hupata sababu ya kulihurumia wazo lake.

Ukiruka hatua hizi pesa haikuokoi. Mfano unaofahamika sana ni ule wa pampu ya maji ya bembea, iliyotoka Afrika Kusini. Watoto wanacheza kwenye bembea ya kuzunguka, bembea inasukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu. Nani asingelipenda wazo hilo? Mwaka 2006 huko Marekani ziliahidiwa zaidi ya dola milioni 16 ili pampu hizo zisambazwe Afrika. Lakini watoto hucheza pale wanapotaka kucheza, na maji yanahitajika hata wanapokuwa wamelala au wako shule. Nchini Msumbiji walikutwa wanawake wazima wakiisukuma bembea ile kwa mikono, kazi ngumu na ya kuwatia aibu, mahali ambapo awali palikuwa na pampu ya mkono waliyoizoea. Zilipoharibika, fundi na vipuri vilikuwa mbali. Kufikia mwaka 2010 mpango ule mkubwa ulikuwa umesimama. Nakuhakikishia ndani ya vikao vya wazo hilo hapakukosekana vikaratasi vya rangi. Kilichokosekana ni asubuhi chache za kukaa kisimani na wale wanawake.

Mume wako ana hoja nusu. Majina na vyeti vimetoka mbali, kweli. Lakini kazi yenyewe si ya Ulaya. Lichukue lile jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, jiko la kauri la Kenya. Wazo la kuweka ganda la udongo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Mapema miaka ya 1980 mafundi wa jua kali na wataalamu wa nishati waliligeuza umbo. Udongo ukakaa sehemu ya juu tu, kiuno kikaubana usiteleze, na tako likatanuka ili jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali kwa nguvu zote. Mpishi wa uji wa Thailand hasongi ugali. Aliyelitanua tako alikuwa amemwona mtu akisonga. Mwonyeshe mume wako hilo, pengine mnalo nyuma ya nyumba.

Upande wa pili nikubaliane naye. Mbinu hii ina mipaka, na inauzwa kupita uwezo wake. Hata IDEO, kampuni ya California iliyoipa umaarufu duniani, ilipunguza wafanyakazi wengi mwaka 2023. Kama tatizo lako tayari unalijua, huhitaji fikra za usanifu kulitafuta. Mashine ikikatika mkanda kila wiki, nunua mkanda. Kama maduka yanakaa na pesa yako miezi miwili, hilo ni la mikataba na ukusanyaji wa madeni. Kama bei yako haifidii hata gharama, hakuna kielelezo kitakachokuokoa, kaa na mtu wa mahesabu kwanza. Na tafadhali usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya wazo ambalo halijapita kwenye daftari la kurudi. Ubunifu wa kuungaunga kwa pesa yako ndogo unavumilika, wa riba ya kila siku haukupi muda wa kukosea.

Kuhusu mshauri wa milioni mbili na nusu: kwa sasa, hapana. Kazi ya kukaa jikoni na wateja watano hawezi kukufanyia, na akikufanyia atabaki na maarifa ambayo ungetakiwa kuwa nayo wewe. Angefaa baadaye, ukiwa umeshajua tatizo ni lipi na unahitaji ujuzi usio nao, kama kupanga mstari wa uzalishaji au kuingia soko la mikoa mingine. Hata hapo muulize swali moja: katika wiki ya kwanza utaenda wapi? Akitaja ofisi yake na ukumbi, mshukuru. Akitaja mashine yako, maduka yako na nyumba za wateja, endeleeni na mazungumzo ya bei. Semina nyingine usiende kwanza.

Tena wewe uko Morogoro, mahali ambapo wengine wangepatamani. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapo hapo, na kina watu wa sayansi na teknolojia ya chakula. Nenda na ile sentensi yako moja mkononi, uulize kama kuna mwanafunzi anayetafuta mradi wa utafiti. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo ipo kwa ajili ya watu kama wewe, na huko unaweza kuonana na wasindikaji wengine waliopita ulipo.

Kuna mambo ambayo sitaki uyajaribu kwa daftari na ujasiri. Wewe unalisha watoto wadogo. Ukibadilisha mchanganyiko, ukiongeza karanga, ukibadilisha namna ya kukaanga au kukausha, ukirefusha tarehe ya mwisho wa matumizi, hayo yanahitaji maabara na mtaalamu wa chakula ana kwa ana, kabla mtoto hata mmoja hajaonja. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga, haionekani kwa macho, na kuuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga ndivyo vyakula inavyovipenda zaidi, na vyote viwili vimo kwenye mchanganyiko wa wengi wenu. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, kwa hiyo ladha zile tatu na lebo ile mpya wazione kabla hujachapisha zaidi. Picha ya mtoto kwenye chakula cha watoto wadogo ina kanuni zake, na maneno kama "hutibu utapiamlo" yasiwepo kabisa. Wala usimuuzie mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita, huyo ni wa maziwa ya mama pekee.

Kama katika ziara zako utakutana na mtoto aliyedhoofu, aliyevimba miguu au asiyeongezeka uzito, weka biashara kando na mhimize mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukienda maabara au kwa watu wa Sokoine, usibebe unga uliosagwa jana. Pita kwenye maduka yako, uchukue pakiti iliyokaa rafuni muda mrefu kuliko zote, na kama yupo mteja atakayekubali kukuachia nusu pakiti aliyoifungua mwezi uliopita, ichukue hiyo pia.